Siki ya Mjomba

Wengine hushuka Pwani kwenda kuona bahari. Mimi nilikwenda kutazama minazi, tena si makuti yake wala madafu yake, mashina tu. Ungeniona wakati ule, kijana mrefu mwenye vumbi la Samburu miguuni, nimesimama chini ya mnazi wa watu nikiupapasa kwa viganja kama mtu anayenunua ng'ombe, ungenidhania mwizi au mwendawazimu. Wengi walinidhania hivyo, na wawili walinifukuza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, sarafu zenye kichwa cha malkia zikiwa bado mpya mikononi mwetu. Kwetu Samburu, kwenye barabara kuu ya kutoka Mombasa, minazi hakuna. Kuna miiba, kuna mbuzi, na kuna malori yanayopita bila kutujali. Hata hivyo hakuna harusi ya kwetu bila tembo la mnazi. Mbuzi utatoa, na ng'ombe utatoa, na wazee watapokea na kushukuru, lakini mpaka mtungi wa tembo uwekwe uani kwa mkweo bado hujaoa. Na mtungi huo hauchukuliwi na yeyote apendaye. Huchukuliwa na mjomba wa mwoaji, ndugu wa mama yake, kwa mkono wake mwenyewe, ili upande wa binti wajue kwamba kijana huyu ana tumbo alilotoka, hakuokotwa.

Mama yangu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Ndugu alikuwa naye mmoja tu, na huyo aliondoka mimi ningali natambaa, akashuka Pwani kugema tembo kwenye minazi ya watu, asirudi. Baba zangu wadogo walinitolea mbuzi, na nawashukuru, lakini tembo si kazi ya upande wa baba. Baba wa binti niliyemposa alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Aliniketisha kwenye kigoda akaniambia taratibu.

"Mwanangu, sikukatai. Lakini siwezi kumtoa binti yangu kwa mtu ambaye upande wa mamake hauonekani. Mlete mjombako. Nakungoja mpaka mwezi mwingine uandame, kisha nitawasikiliza wengine."

Wengine walikuwepo kweli. Mmoja wao alikuwa na ng'ombe wengi na meno machache. Binti mwenyewe, ambaye tulijuana tangu tukichota maji pamoja bwawani, alinisindikiza mpaka mwisho wa uzio wa miiba. Hakulia wala hakuniapisha. Aliniambia, "Nenda upesi, urudi," na hayo ndiyo yaliyokuwa masurufu yangu ya safari.

Sasa utamtafutaje mtu ambaye huijui sura yake? Nilichokuwa nacho ni neno la mama. Alikuwa akiniambia kwamba ukitaka kumjua kaka yake utazame mnazi, usitazame uso. Mgema huchonga vidato kwenye shina, vile vikato vya kukanyagia anapopanda, na kila mgema huchonga kwa kipimo cha miguu yake. Mjomba alivunjika mguu wa kulia utotoni ukaunga mfupi. Kwa hiyo vidato viwili vya chini kabisa alivichonga karibu karibu, kama ngazi ya mtoto, kisha vya juu vikafuata kawaida. Tena alikuwa mwenye shoto, kidato cha kwanza kilianzia kushoto. Mama aliyasema haya akicheka, maana alipokuwa msichana aliwahi kumfuata kaka yake Pwani alikogema kwa msimu, akawa akimtania kwamba minazi yote ya dunia itamshitaki.

Nilitembea mpaka Kinango kwa siku moja na nusu. Kutoka hapo lori la makaa lilinichukua hadi Kwale, nikiwa nimekaa juu ya magunia, na nilipofika nilikuwa mweusi kuliko mzigo. Toka Kwale barabara inateremka, na hewa inabadilika puani kabla hujaona kitu, inakuwa nzito na yenye majimaji. Halafu ndipo inapotokea ile minazi, kichwa kwa kichwa mpaka macho yanapoishia. Nilisimama nikaitazama. Nilikuwa nimejipa siku chache tu za kuipekua. Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara na roho ikaniuma, kwa kuwa hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia, "Hebu tazama kazi hii niliyojipa."

Nilianzia Diani. Wakati huo Diani ilikuwa mashamba, njia za mchanga, na nyumba chache za Wazungu ufukweni. Nilijifunza upesi kwamba mgeni haruhusiwi kupapasa minazi bila kueleza, na namna rahisi ya kueleza ni kununua tembo na kukaa. Basi nikawa mnywaji kwa lazima. Nilikwenda kijiji kwa kijiji, penye wagema nikaketi, nikanywa, nikauliza, nikatazama mashina, nikaondoka. Leo nikiwasikia watu wakisema wamezuru nchi za mbali kuonja vinywaji vya huko, shamba hili na shamba lile, huwa nanyamaza. Na mimi nimezuru.

Tembo la Diani lilikuwa jepesi, tamu asubuhi kama maji ya muwa, na kufikia alasiri likianza kukukunjia uso. La Galu, kwa minazi iliyosimama karibu kabisa na maji, lilikuwa na chumvichumvi nyuma ya ulimi. Mgema wa huko aliapa kwamba ni mawazo yangu. La Gazi lilikuwa zito, na nadhani walilichanganya na la jana, ila sikusema, kwa sababu nilikuwa mmoja na wao walikuwa sita. Wahenga wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilimsifu kila mgema niliyemkuta ili anionyeshe minazi yake, kwa hiyo nadhani nimekunywa maji mengi kuliko mtu yeyote wa Samburu.

Kila nilipofika, desturi ilikuwa moja. Mwenye tembo huonja kwanza mbele ya mgeni, amtoe wasiwasi, kisha humpa. Wenyeji huketi kuzunguka kibuyu kimoja, kila mmoja na mrija wake, vichwa vikikaribiana. Mgeni hutiliwa chake katika kifuu cha nazi, akakaa kando kidogo. Hawakunidharau, walinikaribisha vizuri, waliuliza habari za mvua na za mifugo. Kisha lilikuja swali, na halikukosa kuja, "Wewe ni wa nani huko kwenu?" Nilipotaja mjomba nisiyemjua walitikisa vichwa kwa huruma na kurudi kwenye mirija yao. Nikabaki na kifuu changu. Sijapata kuwa mpweke kama nilivyokuwa katikati ya watu wale wakarimu. Kifuu kile nilikichukia. Siku moja nilikitupa kichakani kwa hasira, na mwenyewe akaniambia bila kupandisha sauti nikakiokote.

Nilikiokota. Hasira yangu ndivyo ilivyo, hupanda haraka na kunishusha haraka.

Gazi ndiko nilikoviona mara ya kwanza. Mnazi mzee, umeinama kidogo, na chini yake vidato viwili karibu karibu, cha kwanza upande wa kushoto. Viliingiwa na weusi wa zamani, kuvu imeota ndani yake. Nilitia vidole vyangu humo. Nilimkumbuka mama akicheka, nikamwita kwa sauti, pale pale, kama mjinga. Mwenye shamba aliniuliza kama naumwa.

Kutoka hapo njia ilijichora yenyewe. Msambweni niliviona vidato vyake kwenye minazi saba. Huko tembo ni kali, linasifika, na wagema wake wana majivuno ya kustahili. Mzee mmoja aliyekuwa akinoa kotama yake, kile kisu chao kilichopinda, alimkumbuka.

"Yule mwenye mguu? Alikuwa fundi. Alihamia Majoreni, miaka imepita. Ukifika uliza tu, kule watu si wengi."

"Bado anagema?"

Alitazama ncha ya kisu. "Uliza ukifika," akasema.

Siku zangu zilikuwa zinakwisha lakini bado zilitosha. Nilikwenda kwa miguu na kwa baiskeli ya kupakizwa, nikapita mashamba ya miwa, nikaingia Majoreni mchana wa jua kali. Ni kijiji cha wavuvi, nyumba chache na mikoko nyuma yake. Niliikagua minazi kabla sijamkagua mtu. Vidato vya mjomba vilikuwepo, viwili viwili chini, kwenye shina hili na lile. Ila vyote vilikuwa vikavu. Hapakuwa na kilichochongwa upya wala alama ya tope la mguu. Ningetafakari kidogo ningeelewa. Sikutafakari, nilikuwa nakimbilia mlango.

"Hodi."

"Karibu."

Alikuwa ameketi barazani, kanzu safi, kofia kichwani, mguu mmoja umekunjwa na mwingine, ule mfupi, umenyooshwa mbele. Pembeni yake chupa zilipangwa ukutani, zimezibwa kwa vizibo vya majani. Aliniangalia kitambo kabla hajaitikia shikamoo yangu.

"Marahaba. Wewe macho hayo umeyatoa kwa dada yangu."

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Kinango, yote yakanipotea.

"Mamako hajambo?" akauliza.

Nikamwambia. Alisema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akafuta uso kwa viganja vyote viwili, na hakuviondoa upesi. Mkewe alitoka akaniletea maji, akaniona na kurudi ndani taratibu. Tulikaa hivyo hata kivuli cha nyumba kikatufikia miguuni. Kisha akaniuliza nilichokuja nacho, nami nikamweleza yote, binti, baba yake, mtungi, mwezi unaokaribia kuandama.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mpwa wangu, mimi nimesilimu. Mwaka wa nane sasa. Tembo siligemi, silinywi, silibebi, wala simbebei mtu. Hilo siwezi."

"Mkono wako tu, mjomba. Nitaubeba mtungi mimi, wewe uushike tukifika mlangoni."

"Mkono ndio huo huo."

Ninamwona mpaka leo anavyozitazama zile chupa zake. Alikuwa akitengeneza siki. Utomvu mtamu wa asubuhi aliletewa na kijana wa jirani, akauacha mitungini majuma kwa majuma mpaka uchache kabisa uwe siki, na kina mama wa kijiji walinunua kwa achari zao za ndimu na maembe. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani alimwambia siki ni kitu safi, cha halali, hata chenye baraka. Basi akanyoosha mkono, akachukua chupa moja, akaifuta vumbi kwa upindo wa kanzu.

"Nitaleta siki," akasema. "Hii nitaibeba mwenyewe mpaka uani kwao. Ngoja Ijumaa ipite tu."

Hapa sina budi kueleza jambo la kwetu, ambalo yeye alikuwa amelisahau na mimi nilikuwa nalifahamu kwa maana moja tu. Kwetu bara, tembo lililochacha likipelekwa kwenye nyumba ya binti lina maana moja. Maana yake hatumtaki. Ndivyo watu wanavyovunja posa bila kutukanana. Unapeleka kibuyu cha tembo chachu, unakiweka mlangoni, unaondoka. Nimeshuhudia mama mmoja akilia mchana kutwa kwa sababu ya kibuyu kama hicho.

Kwa hiyo katika maneno yake yote nililisikia neno moja tu. Sikusikia "nitaleta." Sikusikia "nitaibeba mwenyewe." Nilisikia siki.

"Uliniacha nikitambaa," nikamwambia, "na sasa unataka kwenda kunivunjia posa yangu?"

"Mpwa wangu, kaa chini."

"Sikai. Sina mjomba. Nilikuwa sinaye na sinaye."

Alijaribu kuinuka, na kwa mguu ule ilimchukua muda. Mimi miguu yangu yote miwili ni mizima. Kabla hajasimama nilikuwa nimekwisha kupita nyumba ya tatu, na mkewe akiniita kutoka mlangoni, chakula kiko tayari.

Sikurudi nyumbani. Hilo ndilo kosa, si hasira peke yake. Hasira yangu ilishuka nilipofika Msambweni, kama kawaida yake, lakini nyuma yake ilibaki aibu, na aibu yangu haishuki. Nilifikiri, nikirudi mikono mitupu nitakuwa nimethibitisha kwa mdomo wangu kwamba sina kwetu. Afadhali wasinione. Nilivuka kivuko cha Likoni, Mombasa nikapata lori la kupanda bara. Lilipita Samburu mchana. Nilikuwa nyuma, juu ya mizigo, nikajifunika shuka kichwani nikijua kabisa upande gani wa barabara kuna uzio wa miiba niliosindikizwa mpaka mwisho wake. Dereva hakusimama na mimi sikumgongea paa.

Nilifanya kazi ya kukata mkonge upande wa Voi. Kazi ile haihitaji kusema na mtu, na mimi sikusema na mtu. Sikumtumia yeyote salamu. Wenzangu walinipa jina la Bubu, nikaliitika. Miezi saba ilipita.

Nilirudi kipindi cha mvua za vuli. Nilijua kwamba binti ameolewa, hilo nililihesabu mwenyewe bila kuambiwa. Nilikuwa nakusudia kuchukua vitu vya mama na kuondoka tena. Lakini bibi yake binti, mama wa baba yake, alikuwa ameketi nje akichambua kunde, na njia inapita hapo hapo. Nikamwamkia. Aliitikia, kisha akanionyesha mahali pa kukaa kwa kidevu.

"Ulikuwa wapi, mjukuu wangu?"

"Kazini, bibi."

"Tulikungoja."

Nilidhani ananifariji. Ndipo akanieleza, akiendelea kuchambua kunde zake, bila haraka yoyote.

Siku ya nne baada ya mimi kuondoka Majoreni, mtu mwenye kanzu na mguu mfupi aliteremka kwenye lori hapo barabarani, amebeba chupa mbili zimefungwa ndani ya kikoi. Aliuliza nyumba ya dada yake, wakamwonyesha imefungwa. Akauliza kwa binti. Wazee wakaitwa, wakaketi, kikoi kikafunguliwa, na harufu ya siki ilipotoka wote wakasimama. Baba wa binti alikuwa amekwisha kugeuka. Mjomba akawaambia wamsikilize kwanza. Akawaambia kwamba amesilimu, kwamba tembo hawezi kuligusa, na kwamba kati ya vyote vitokavyo kwenye mnazi hiki ndicho anachoweza kukibeba kwa mkono wake, na amekibeba kutoka Majoreni kwa ajili ya mtoto wa dada yake.

"Wakabaki wamesimama," bibi alisema. "Wanaume hao, jambo likiwa halijapata kutokea wanatazama ardhi. Nikachovya kidole, nikalamba. Nikawaambia, tembo limekawia njiani mpaka likawa siki, lakini aliyelibeba hakukawia. Ketini."

Wakaketi. Chupa moja ikafunguliwa, kila mzee akaonja huku amekunja uso, na mahari yangu ikapokelewa. Chupa ya pili haikufunguliwa, kwa kuwa ya pili hufunguliwa na mwoaji. Mjomba alikaa kwao akiningoja, akisali juu ya mkeka wake kando ya ghala la mahindi, na binti akimpelekea maji ya kutawadha. Mwezi ukaandama. Baba wa binti, kwa heshima ya mgeni wake, akaongeza mwezi mwingine. Jioni jioni mjomba alitembea mpaka barabarani akatazama malori. Mwezi wa pili ulipoandama aliomba radhi kwa wazee, kwa niaba yangu, akarudi Pwani. Ndipo baba wa binti akawasikiliza wengine.

Bibi aliweka ungo chini. Aliingia ndani akatoka na chupa, kizibo chake cha majani kimekauka. Akaifungua, akamimina kidogo kwenye kata, akaonja kwanza mbele yangu, kama ilivyo desturi. Kisha akanipa.

"Kunywa," akasema. "Ni yako."

Nikanywa. Mjomba alikuwa amekuja, wazee walikuwa wameketi, na binti siku ile alikuwa ndani akisikiliza. Katika posa yangu aliyekosekana alikuwa mimi.